Daraja Lililovunjwa na Upepo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Leo twataka kusema nanyi habari za daraja moja la Marekani, maana lina funzo kwa kila mfanyakazi.

Katika jimbo la Washington kuna mlango wa bahari uitwao Tacoma Narrows. Injinia wa jimbo, Clark Eldridge, alichora daraja la kuning'inia, lenye fremu za chuma za kina cha futi 25 kuikaza njia. Walioombwa fedha wakaona ni ghali. Injinia Leon Moisseiff akaleta mchoro wa bei nafuu: bamba za chuma zisizo na matundu, kina cha futi 8 tu.

Wajenzi ndio walioona kwanza. Kazi haijaisha, njia ilikwisha anza kupanda na kushuka kama mawimbi. Wakaliita kwa mzaha Galloping Gertie, yaani Gertie apigaye mbio kama farasi. Wakubwa walijua, wakajaribu kulizuia; lakini hata hivyo likafunguliwa tarehe 1 Julai 1940, na magari yakapita kwa kulipa ushuru.

Tarehe 7 Novemba mwaka ule ule ulivuma upepo wa kama maili 40 kwa saa. Bamba zile hazikuupa upepo pa kupita. Njia, iliyokuwa nyembamba na nyepesi, ikajipinda huku na huku, na kila ilipojipinda upepo ukaizidishia, hata ikakatika na kuanguka majini. Hakufa mtu, ila mbwa aliyeachwa ndani ya motokaa.

Daraja la pili lilifunguliwa tarehe 14 Oktoba 1950. Safari hii mfano wake ulipimwa kwanza kwa upepo. Fremu zikawa za kina cha futi 33, zenye nafasi za kupitisha upepo, na njia ikapanuliwa. Daraja hilo latumika hata leo.

Ndugu zetu, rahisi ghali: waliokataa kulipia fremu mara ya kwanza, walijengewa daraja mara mbili. Nasi tusiishie kwenye mzaha. Ukiona jukwaa latikisika au kamba ya winchi imechakaa, mwambie mwakilishi wa chama siku ile ile, naye ampelekee mwenye kazi kwa barua. Neno la mmoja hupuuzwa. Letu sote husikiwa.