Gazeti Lisilochukuliwa

Tuingie kwa mawazo katika duka la kijiji cha Uingereza katika miaka ya 1950. Magazeti yamepangwa mezani, peremende zimo chupani, na tangu 1953 yamo magari ya kuchezea ya Matchbox, madogo kiasi cha kuenea katika kisanduku cha kiberiti. Watoto huhesabu peni zao. Lakini uzuri wa duka hili haumo katika bidhaa tu. Mwenye duka awajua wateja wake. Gazeti la mzee lisipochukuliwa, huulizia hali yake. Leo habari hutufikia kwa simu, upesi. Je, tusipoonekana, nani atatuulizia? Basi, juma hili tukabishe hodi kwa jirani tuliyemkosa machoni. Amina.