Meno ya Mbwa na Paka

Mazungumzo ya leo ni habari ya meno ya mbwa na paka. Labda mtu atacheka na kusema, "Mbwa na mswaki, wapi na wapi?" Lakini mbwa ndiye mlinzi wa boma, na paka ndiye mlinzi wa ghala, na mlinzi asiyeweza kula hawezi kulinda.

Mbwa mzima ana meno 42, na paka ana 30. Kila siku utando laini hushika juu ya meno hayo. Usipoondolewa, baada ya siku chache hugeuka kuwa ukoga mgumu kama jiwe. Ndipo ufizi huvimba na kutoka damu. Hapo bado ugonjwa waweza kupona kwa kusafishwa. Lakini ukiachwa huingia chini ya ufizi, ukala mfupa ushikao jino, hata jino likalegea.

Dalili zake ni hizi: kinywa kunuka, ute kumtoka, kutafuna kwa upande mmoja, na kuangusha chakula. Usingoje mpaka alie, maana mnyama huficha maumivu yake, na paka huzidi.

Kinga yake ni kumzoeza tangu mdogo. Siku za kwanza mguse midomo tu. Kisha tumia mswaki laini, au kitambaa safi kilichoviringwa kidoleni, umsugue meno kila siku. Usitumie dawa ya meno ya watu, kwani ataimeza, nayo yaweza kumdhuru. Wala usimpe mifupa migumu, maana huvunja meno.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa mswaki. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi, akaukwangua hata chini ya ufizi, na kung'oa jino lililoharibika. Usimpe vidonge vya watu. Parasetamoli huua paka.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Ukiona mbwa anatokwa na ute, taya limelegea, na sauti imebadilika, usidhani ni jino tu au mfupa uliomkwama, ukatia mkono kinywani. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwepuke, ukampashe habari daktari wa mifugo upesi. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile upate chanjo. Dalili zikisha kutokea kwa mtu, ni nadra sana kupona. Lakini chanjo ikitangulia, huokoa.