Mkate Chini ya Mretemu

Leo twataka kuzungumza juu ya mgonjwa aliye katikati ya matibabu, asiyetazamiwa kupona, naye bado yu hai.

Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa chai, alionekana ana saratani ya kongosho. Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, nacho husaidia kusaga chakula. Saratani yake mara nyingi haijulikani mpaka imekwisha kuenea, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Daktari alimwambia wazi kwamba dawa hazitamponya, ila zaweza kumwongezea muda na kumpunguzia maumivu. Basi kila majuma mawili alisafiri kwenda kutiwa dawa mshipani.

Nasi tulifanya nini? Tulimwendea kwa wingi, kama ilivyo desturi yetu. Watu ishirini sebuleni, nyimbo tano, mahubiri mawili, na mmoja wetu akikohoa. Hatukufikiri kwamba dawa zile hupunguza nguvu ya damu ya kupigana na magonjwa, na kwamba mtu kama huyo akishikwa na homa hupaswa kukimbizwa hospitali siku ile ile. Tulimhimiza ale, naye harufu ya mboga tu ilimtapisha. Tulipomwuliza hali, alijibu, "Bwana asifiwe, sijambo." Angesema nini mbele ya umati ule? Siku moja mkewe alitusindikiza mpaka langoni, akasema kwa upole, "Wachungaji, mkiisha kuondoka, hawezi kuinuka siku mbili."

Neno hilo lilituchoma. Tuliporudi nyumbani tulisoma Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Eliya amechoka, amelala chini ya mretemu, aomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akaja mara ya pili na chakula kile kile. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye, baada ya siku arobaini.

Hata waganga wamejifunza kupima hivyo. Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya dawa iitwayo gemsitabini kwa wagonjwa wa kongosho. Hawakuhesabu miezi tu. Walipima pia maumivu, nguvu za mwili na uzito. Ikilinganishwa na dawa ya zamani, maisha yaliongezeka kwa kama majuma matano tu. Lakini karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alipata nafuu katika mambo hayo. Kwa dawa ya zamani hakufika hata mmoja kati ya ishirini. Naye Cicely Saunders, Mwanglikana mwenzetu aliyefungua nyumba ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo hapa Kenya mwaka 1990. (Wako Wakristo wanaoikataa morfini wakidhani ni ulevi, au kwamba kuipokea ni kukubali kufa. Tafadhali, mwulizeni daktari kabla ya kumwacha mzazi wenu alie usiku kucha.)

Tulirudi kwa yule mzee tukiwa wawili tu. Tulinawa mikono, tukaketi, tukamwuliza anataka nini. Alifikiri kitambo. Akasema, "Juma la dawa ni la kulala. Juma la pili nguvu hurudi kidogo, na hilo nyinyi mnalimaliza kwa wageni. Nataka kuwaonyesha wanangu mipaka ya shamba."

Basi tukawaomba Wakristo wangoje. Chakula kililetwa mlangoni, uji mwepesi kidogo kidogo, na waleta chakula hawakuingia. Jumatano ya juma la pili tulimpelekea Ushirika Mtakatifu. Ibada ilikuwa fupi sana. Kisha akatwaa fimbo yake, akashuka na wanawe kati ya michai, akipumzika mara tatu njiani. Sisi tulimfuata nyuma, tumebeba kiti.