Ningu wa Vuli na Butura ya Mto

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Nimeombwa niseme maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya kahawa, bei na mizani, na wamesema vema. Mimi nawaomba radhi, kwani nitazungumza juu ya samaki. Najua wako watakaojiuliza: samaki na ushirika wa kahawa vina udugu gani? Nawasihi mnivumilie. Nitakapomaliza mtaona kwamba sikutoka nje ya kibanja.

Samaki nitakayemsema ni ningu. Vijana wengi waliopo hapa hawajapata kumwona. Ni samaki wa magamba, mwenye mdomo uliokaa upande wa chini, kwa maana chakula chake hukikwangua juu ya mawe na katika tope laini. Nyama yake ni tamu, ingawa miiba yake ni mingi na humtaka mlaji awe na subira. Ni samaki wa bonde la Ziwa Victoria, na wataalamu wamempa jina la ziwa lenyewe, Labeo victorianus.

Sehemu kubwa ya mwaka ningu hukaa ziwani akila na kunenepa. Mvua zinapoanza, yaani masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, maji mekundu ya mto huingia ziwani, na ningu huyatambua. Hujikusanya mlangoni mwa mto, majike kwa madume, kisha hupanda kwa makundi kinyume cha maji. Hawapandi kwa ajili ya kula, bali kwa ajili ya kuzaa. Mto ukifurika na kufunika majani ya kandokando, huko ndiko wanakotaga mayai, mahali penye kina kifupi. Mayai huanguliwa upesi, na maji yanapopungua, wazazi na watoto hurudi mtoni na hatimaye ziwani. Jike mmoja hubeba maelfu mengi ya mayai. Basi angalieni, ndugu zangu: kwa samaki huyu mafuriko ndiyo shamba, na mvua ndiyo majira ya kupanda. Akizuiwa asifike shambani, hakuna mavuno.

Mto ninaousema ni Kagera, ambao ni mkubwa kuliko mito yote iingiayo Ziwa Victoria. Maji yake yatoka Burundi na Rwanda, hupita Rusumo, huzunguka upande wa Karagwe, hufika Kyaka, na huingia ziwani upande wa Uganda karibu na mpaka wetu. Mto Ngono nao hukusanya maji ya Bukoba na Muleba na kuyapeleka Kagera. Kwa hiyo hata mkulima wa Muleba ambaye hajapata kushika wavu maishani mwake ana sehemu katika mto ule. Maji yaliyoosha kibanja chake ndiyo yanayopita huko.

Nilipokuwa mtoto, mzee wangu alikuwa na desturi ya kwenda Kagera kila vuli, baada ya maharage kupandwa. Alichukua migono yake, akanichukua na mimi ili nimbebee chakula. Mgono, kwa wale wasioujua, ni mtego uliosukwa mfano wa kikapu kirefu. Mdomo wake ni mpana na koo lake ni jembamba, samaki huingia asione njia ya kutoka. Mzee aliitega kando ya mto tu, penye matete. Katikati maji yalipita, na samaki walipita. Siku moja nikamwuliza kwa nini asijenge uzio wa kukata mto mzima, ili tupate wote. Akanijibu, "Mwanangu, hao wanaopita katikati ni wa mwakani." Sikumwelewa, wala sikujitahidi kumwelewa.

Yapasa sasa niwaeleze jinsi mambo yalivyogeuka. Tangu mwaka 1905, wavuvi wa ziwa walikuwa wameanza kuzoea nyavu za uzi wa kitani, zilizoletwa kwanza upande wa Kenya. Mwaka 1927 na 1928 bwana mmoja Mwingereza, Michael Graham, alitumwa kuchunguza uvuvi wa ziwa zima, naye akashauri kwamba macho ya wavu yasipungue inchi 5, hasa kwa kuwalinda sato. Shauri lake likawa sheria. Lakini katika miaka ya 1950 sheria ile iliachwa huku kwetu na Uganda, na wakati huohuo nyavu za nailoni zikaenea. Uzi wa kitani huoza upesi, nailoni haiozi. Mtu akaweza kununua wavu mwepesi, wenye macho madogo, akautega mlangoni mwa mto siku za mvua, na kuwanasa ningu wote waliokuja kupanda, matumbo yao yakiwa yamejaa mayai.

Bwana Mwenyekiti, nami nilikuwa mmoja wa watu hao, na sioni faida ya kuficha jambo hili uzeeni. Mwaka 1964 nilikuwa kijana wa miaka 19, nimepewa kipande changu cha kibanja chenye mibuni. Nilitamani wavu wa nailoni, na fedha sikuwa nazo. Basi nikaenda kwa mnunuzi mmoja, nikamwuzia kahawa yangu ingali maua mtini. Wanachama mwajua jina la biashara hiyo. Kwa ajili ya wageni wetu nitasema: ni butura. Mkulima mwenye shida hupewa fedha kidogo leo, na siku ya mavuno mwenye fedha huja kuchukua gunia zima. Kwa fedha ya butura nilinunua wavu, na kwa wavu ule nikakata mto kutoka ukingo hadi ukingo.

Vuli ya kwanza nilipata samaki wengi hata nikakosa watu wa kuwabeba. Wengine walioza juu ya majani. Mayai tuliyatoa matumboni kwa viganja na kuyatupa. Vuli ya pili nilipata kiasi cha kutosha kununua baiskeli. Vuli ya tatu niliutega wavu usiku saba, na nilichopata kilitosha mboga ya nyumba moja. Mzee wangu alikuja akasimama ukingoni na migono yake mitupu. Hakunikaripia. Alifunga migono yake kwa kamba, akarudi nyumbani, na sikumwona tena akiitega. Nami niliwaambia rafiki zangu kwamba mto umebadilika. Ndivyo tusemavyo watu tusiotaka kujilaumu.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Katika mto Nzoia, nchini Kenya, ningu walipungua vilevile. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr alichapisha maelezo juu ya kupungua huko, akaonyesha kwamba samaki walipokwisha, hata ufundi wa uvuvi wa kienyeji ulizorota. Ni haki iwe hivyo, kwani nani atamfundisha mtoto kusuka mtego wa samaki asiyekuja?

Nasikia mara nyingi watu wakisema kwamba aliyemmaliza ningu ni sangara. Sangara ana makosa yake, na furu wengi wa ziwa letu walitoweka kwa kinywa chake. Lakini tuangalie miaka. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alienea kwa wingi katika miaka ya 1980. Ningu walikuwa wamekwisha kupungua sana miaka 20 kabla ya hapo. Mshtakiwa wa kwanza, basi, ni wavu, na aliyeushika wavu ni mimi na wenzangu.

Hata hivyo sikuja hapa kuomboleza. Mbegu ingalipo. Mwaka 2005 watafiti Justus Rutaisire na Anthony Booth walichapisha uchunguzi wao juu ya uzazi wa ningu katika mito Kagera na Sio, upande wa Uganda. Walimkuta ningu akiwa angali anazaa katika Kagera yetu, na uzazi wake ukifuata mvua kama zamani. Mwaka uliotangulia walikuwa wameeleza jinsi walivyofaulu kumzalisha samaki huyu akiwa katika mikono ya watu. Kwa hiyo shida yetu si kukosa elimu. Shida ni mapatano.

Nimepata kusoma kwamba katika mto Mississippi, huko Marekani, kuna samaki aitwaye walleye na ndugu yake sauger. Majira ya baridi yanapokaribia, hupanda mto na kujikusanya chini ya mabwawa, na watu huja kwa wingi kuwavua kwa ndoana. Nchi ile ina mashine za kila namna, na kama wangetaka wangeweza kuwamaliza samaki wale kwa majira machache. Lakini kila mvuvi hutakiwa kuwa na leseni, na amewekewa idadi ya samaki anaoruhusiwa kuchukua kwa siku. Hakuna anayechekwa kwa kuwaacha wengine wapite, kwa sababu amri ni ya wote.

Hapo ndipo ushirika unapoingia. Mtu anayetega wavu mlangoni mwa mto si mjinga. Anajua kwamba anaua samaki wa mwakani. Lakini hujisemea moyoni: nikiwaacha mimi, mwingine atawachukua. Na mtu anayeuza kahawa yake kwa butura si mjinga pia. Ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa, na kahawa ingali mtini. Mmoja peke yake hawezi kuyashinda mambo haya. Nilipouza maua ya mbuni wangu, na nilipotupa mayai ya ningu, nilifanya tendo moja mara mbili: nilikula kesho yangu kwa bei ya leo. Chama cha ushirika kiliundwa ili mtu mwenye shida aweze kungoja. Chama kisichomsaidia mwanachama wake kungoja, kina mizani na ghala tu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa heshima zote naleta mambo manne, ili vyama vya msingi viyazungumze katika mikutano mikuu ijayo.

Kwanza, kila chama cha msingi kilicho kando ya Kagera, Ngono na vijito vyake kipatane na serikali ya kijiji na kikundi cha ulinzi wa uvuvi cha mahali hapo, kwamba katika miezi ya masika na vuli hakuna mwanachama atakayekata mto kwa wavu. Atakayetaka kitoweo ategee kando, katikati paachwe wazi.

Pili, tuiheshimu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo kazi za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Najua meta 60 ni nyingi kwa mtu mwenye shamba dogo. Lakini majani yale ya bondeni ndiyo kitalu cha samaki, na ndiyo yazuiayo udongo wetu usiende ziwani.

Tatu, bomba la kunyunyizia dawa ya mimea lisioshwe kijitoni, wala kopo lake lisitupwe humo. Mtoto wa ningu ni mdogo kuliko punje ya mchele, naye hana nguvu ya kustahimili sumu.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote: Chama Kikuu kiweke mfuko wa mikopo midogo kwa miezi ya kabla ya mavuno, wenye masharti ambayo mjane na kijana waweza kuyatimiza. Tukiipiga marufuku butura bila kumpa mtu njia nyingine, ataifanya usiku. Tukimkataza wavu naye ana njaa, atautega usiku pia. Najua mfuko huo utapunguza malipo yetu ya pili kwa mwaka mmoja au miwili. Tusidanganyane: jambo hili lina gharama, na gharama ni yetu. Naomba tuilipe.

Wako watakaouliza, tutajuaje kwamba tumefaulu? Kwa kahawa, vitabu vya makatibu vitasema. Kwa ningu, itabidi tungoje vuli kadhaa, kisha tumtume mtoto mmoja aende ukingoni na mgono.

Mimi ule wa mzee wangu ninao bado. Umelika na wadudu upande mmoja, lakini koo lake ni zima, na mjukuu wangu ameniomba nimfundishe kuusuka upya. Nimemwambia nitamfundisha, na kwamba atautega kando.

 Mungu akijalie Chama chetu miaka 10 mingine yenye mavuno na mapatano.