Hotuba ya Mwenyekiti: Vyuma Si vya Wanaume Peke Yao



 Miaka 10 si mchezo. Mwaka 2015 tulianza watu 18 chini ya mwembe, na sanduku letu la kufuli tatu, na hisa ya shilingi 2,000. Leo tuko 27. Habari za hisa, mikopo na marejesho atazisoma Katibu, na Mweka Hazina anazo hesabu zake. Mimi nimeomba niseme jambo moja tu, ambalo wengine mtashangaa mwenyekiti kulisema siku ya sherehe. Nataka kusema juu ya sisi wanawake kunyanyua vyuma.

Naona mmeanza kucheka. Chekeni tu, maana hata mimi nilicheka, na kucheka kwangu ndiko kulikonifanya nisimame hapa leo.

Mwaka 2019, katika mkutano wetu wa kawaida, alisimama mwanachama wetu mdogo kuliko wote. Wakati ule hakuwa hata na miaka 30. Alikuwa amecheza netiboli chuoni na huko akafundishwa mazoezi ya vyuma. Akasema, "Mama Mwenyekiti, kila mwezi tunatoa pesa ya mfuko wa jamii kwa watu wanaoumwa migongo na magoti. Naomba tutenge kidogo tununue saruji na bomba, tutengeneze vyuma vya mazoezi, tufanye mara mbili kwa wiki." Mimi nikamjibu kwa sauti mbele ya watu wote, "Mwanangu, sisi tumebeba maji na kuni tangu utotoni. Leo tukabebe na mawe ya bure?" Watu wakaangua kicheko. Mtoto wa watu akakaa chini. Hoja yake haikufika hata kwenye kura.

Mwaka 2021 mwenzetu mmoja, mama wa vitumbua mnayemfahamu nyote, aliteleza uani kwake alfajiri akavunjika nyonga. Mfuko wa jamii ukatoa, na mchango tukapitisha. Akalala miezi mingi, biashara yake ikafa, na mkopo wake ukabidi tuusogeze mbele. Nilipokwenda kumwona nyumbani nilimkuta yule binti, amekaa naye. Alikuwa akimsaidia kuinuka kitini na kukaa tena, kuinuka na kukaa, kisha akampa chupa za maji mikononi azinyanyue. Nikauliza, ni nini hiki? Mgonjwa akanijibu mwenyewe: mtaalamu wa viungo wa hospitali ndiye aliyeagiza, ili nyama za miguu na mikono zirudi.

Jamani, nilikaa kwenye mkeka nikakosa la kusema. Yalikuwa mambo yale yale niliyoyacheka. Siwezi kuapa kwamba tungeanza mwaka 2019 mwenzetu asingeanguka. Hilo analijua Mungu. Lakini tumezoea kuwaambia watoto, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mdogo, na guu likavunjika la mtu mwingine.

Basi tukaanza mwaka 2022, watu tisa, ndani ya ua wa mwanachama wetu mmoja, maana uko na senyenge na makuti na hakuna wa kutuchungulia. Nitawaeleza tuliyojifunza, ili ambaye hajaja asidhani ni siri.

La kwanza ni lile swali langu mwenyewe: kama tunabeba ndoo kila siku, zoezi la nini tena? Jibu ni hili. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, ni kweli ni uzito. Lakini tunaibeba ile ile miaka 30, haiongezeki, na mwili ukishazoea hauoni sababu ya kuongeza nguvu. Tena tunaiinua kwa kuinama kiuno, miguu imenyooka, tumechoka, na tukiwa na dumu tunalibeba upande mmoja daima. Hiyo ni kazi, na kazi inachukua nguvu. Zoezi lina kipimo chake. Unabeba pande zote sawa, mgongo umenyooka, unahesabu, unapumzika, na baada ya siku kadhaa unaongeza kidogo. Wakati wa mapumziko ndipo mwili unajijenga. Akina mama wa hisa mnalifahamu jambo hili: haba na haba hujaza kibaba.

La pili ni mifupa. Mtu akishapita miaka 30 na kitu, nyama za mwili huanza kupungua polepole asipozitumia. Nasi wanawake, tukishakoma hedhi, mifupa hupungua uzito kwa haraka kuliko ya wanaume. Ndiyo maana mama mzee akianguka kidogo tu anavunjika. Sasa mfupa nao ni kitu hai. Ukipewa mzigo wa kiasi, unajiimarisha. Usipopewa, unalegea. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 limewaambia watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Na wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi, ili wasianguke.

Mnaosema "mimi nimezeeka" nisikilizeni vizuri. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Waliwanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki nane, na nguvu za miguu zikapanda zaidi ya maradufu. Miaka 90! Hapa kwetu mkubwa ana miaka 71.

La tatu, mnasema ni mambo ya wanaume. Ni kweli tulicheleweshwa. Katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens mwaka 1896, wanaume walinyanyua vyuma. Wanawake hawakuruhusiwa mpaka Sydney mwaka 2000. Hesabuni wenyewe, ni miaka 104. Lakini mlango ulipofunguliwa waliingia. Mwaka ule ule Karnam Malleswari alipata medali ya shaba, akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki. Na jirani zetu wa Kenya wanaye Hellen Wawira, mwanamke mwenye ulemavu, ambaye mwaka 2022 alipata shaba ya kunyanyua uzito katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham.

Ila ninayempenda mimi ni Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Amezaliwa katika familia maskini. Mwaka 2020 korona ilimkuta Malaysia, akakwama huko na kumbi zote zimefungwa. Alifanyaje? Alichukua mti wa mwanzi, akafunga madumu ya maji huku na huku, akawa ananyanyua. Mwaka uliofuata akaenda Tokyo, akanyanyua kilo 127 katika kundi la wanawake wa kilo 55, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu ianze kushiriki. Mwanzi na madumu, akina mama! Nani hapa hana dumu?

Sisi nasi tulianza na madumu. Maji yana hesabu rahisi: lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo dumu la lita tano ni kilo tano, huhitaji mizani. Anayeanza anashika chupa mbili za lita moja na nusu. Mazoezi yetu ni manne tu. La kwanza, kukaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, na ukizoea unakumbatia dumu kifuani. La pili, kuinua mzigo toka chini: miguu imeachana, magoti yamekunjwa, makalio yanarudi nyuma, mgongo umenyooka, mzigo uko karibu na mwili. La tatu, kusukuma uzito juu ya kichwa. La nne, kuinama kidogo na kuvuta uzito kuja ubavuni, kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Kila moja mara nane hadi kumi, unapumzika, unarudia, mpaka mikupuo mitatu. Ukiona kumi ya mwisho ni nyepesi, wiki ijayo unaongeza. Jumanne na Jumamosi basi, siku nyingine mwili unapumzika.

Na tahadhari zake nizitaje, maana sitaki mtu aumie kwa maneno yangu. Mwenye presha, mwenye moyo, mjamzito na aliyejifungua karibuni aende kwanza zahanati aulize. Usibane pumzi unaponyanyua. Toa pumzi unaposukuma. Usivae dera linaloburuta wala kanga ya kujifunga, vaa suruali ndani au sketi ya kukuachia nafasi. Maumivu ya kuchoka ni ya kawaida, lakini maumivu ya kuchoma kwenye kiungo ni ya kukuambia acha. Na usishindane. Mimi mwezi wa kwanza nilishindana na yule binti ili nionekane mwenyekiti kweli, nikakaa wiki mbili na mgongo wangu na mafuta ya kuchua. Mwenda pole hajikwai.

Maneno ya watu tumeyapata. Tumeitwa mabaunsa. Tumeambiwa tutaota vifua vya kiume. Hilo halipo: homoni inayowajaza wanaume misuli, sisi tunayo kidogo sana, na hata wale watunisha misuli wanahangaika miaka na chakula maalumu. Mume wangu naye aliniuliza, "Unajiandaa kumpiga nani?" Nikamwambia, "Najiandaa usije ukanibeba uzeeni." Siku hizi Jumamosi ikifika yeye ndiye ananikumbusha.

Tumepata nini? Sitawadanganya kwamba tumepona kila kitu. Mwenye goti bovu bado ana goti bovu. Lakini mama wa vitumbua ameiacha fimbo na amerudi jikoni kwake. Mimi niliyekuwa nikishika ukuta kuinuka kwenye mkeka, naswali na kuinuka bila kushika. Na mwenzetu wa genge anainua gunia la mkaa na mwanawe kwa hesabu, moja, mbili, tatu, si kwa kuvizia mgongo.

Sasa nafika kwenye mambo mawili ya mwisho.

La kwanza ni deni. Katika kikundi hiki anayechelewesha marejesho anasimama mbele ya wenzake anaeleza. Mimi nina deni la tangu mwaka 2019. Binti yangu, ulileta hoja nzuri kwa adabu, nami nikaijibu kwa kejeli kwa sababu ilitoka kwa mdogo. Nilikunyima kura ambayo katiba yetu inakupa. Nakuomba radhi mbele ya Mgeni Rasmi na wanachama wote. Na nimeomba maneno haya yachapwe katika kitabu hiki yasifutwe, ili mwenyekiti ajaye akiona kijana amesimama kusema, amwache amalize.

La pili ni hoja yenyewe. Vyuma tulivyojitengenezea, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na bomba katikati, vina kasoro. Tulipovipima kwa mizani ya muuza mkaa tulikuta upande mmoja una kilo 9 na mwingine kilo 11. Chuma cha namna hiyo kinapinda mgongo badala ya kuunyoosha. Tunaomba shilingi laki nne tununue vyuma vilivyopimwa: chuma kirefu cha wanawake cha kilo 15, sahani zake, na vile vidogo vya mkononi wanavyoviita dambeli. Mweka Hazina ana wasiwasi, na wasiwasi wake ni wa haki. Anasema mfuko wa jamii uliwekwa kwa ajili ya maradhi na misiba, na tukianza kuugusa kwa mengine hautatosha siku ya shida. Mimi naona kuzuia mtu asivunjike ni sehemu ya maradhi. Lakini safari hii sitawaamulia kwa maneno yangu. Kura itapigwa mkutano wa Jumamosi ijayo, kwa siri, punje ya mahindi kwa ndiyo na punje ya maharage kwa hapana. Mimi sitapiga. Nilikwisha piga yangu mwaka 2019, na ilikuwa ya makosa.

Wakati tunangoja, ua uko wazi Jumanne saa kumi na moja jioni. Njoo na madumu yako mawili.

Mungu akibariki kikundi chetu, atupe miaka mingine 10, na atujalie tuifikie tukiwa tumesimama kwa miguu yetu.