Ada ya Mwanafunzi na Maua ya Kahawa

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuotesha humo vyakula vya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Tunajiusia sisi wenyewe, na tunawausieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika biashara zetu.

Hotuba yetu ya leo yahusu jambo lililomo ndani ya nyumba zetu hapa Kamachumu. Nalo ni hali ya kijana mwenye bidii, aliyepata nafasi ya kusomea upishi katika chuo cha hoteli, ilhali mzazi wake hana uwezo wa kumlipia.

Tuchukue mfano wa kijana wa namna hiyo. Amemaliza kidato cha nne. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada katika vidato hivyo, kwa hiyo wazazi wengi hukutana na ada kwa mara ya kwanza mtoto anapokwenda chuoni. Vyuo vya umma vinavyojulikana zaidi kwa kazi hii viko mbali nasi. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi zake Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na VETA ina chuo chake cha hoteli na utalii huko Njiro, Arusha. Hata Mwanza, iliyo karibu zaidi, ni safari ya kulivuka ziwa kwa meli au kulizunguka kwa basi. Na juu ya ada kuna nguo nyeupe za mpishi, visu vya kazi, chumba cha kupanga, chakula, na ile miezi ya kujifunza kwa vitendo hotelini, ambayo mara nyingi haina mshahara.

Wapo wasemao: "Upishi ni kazi gani hata mtoto wa kiume apelekwe chuoni?" Ndugu zetu, hiyo si kauli ya mtu aliyezisoma hadithi za Mtume wetu. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametuagiza kwamba mtumishi anapotuletea chakula tumketishe tule naye, na kama si hivyo basi tumpe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake na taabu ya kukiandaa. Mtume wa Mwenyezi Mungu ameuona moto wa jikoni kuwa ni haki anayodai mpishi. Sisi ni nani hata tuudharau? Na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake.

Ama hofu ya jiko lenye pombe na nyama ya nguruwe, hofu hiyo ni ya haki. Kijana aambiwe mapema asichoruhusiwa kukionja, naye amweleze mwalimu wake kwa adabu. Akihitimu, atafute riziki penye halali: katika shule, hospitali, au jiko lake mwenyewe. Ndizi zetu zinazogeuzwa rubisi ndizo hizo hizo ziwezazo, katika mikono ya mpishi mjuzi, kuwa chakula cha heshima mbele ya mgeni.

Sasa tufikie lile lililotusimamisha hapa. Mzazi akikosa ada, mara nyingi mlango ulio karibu naye ni butura. Mnaijua wote. Mkulima mwenye shida huiuza kahawa yake ingali maua au ingali mbichi mtini, kwa bei ndogo, na msimu ukifika mwenye fedha huja kuvuna. Serikali imeikataza mara kadhaa, na ingali ipo, kwa sababu shida ya ada haingoji msimu.

Ndugu Waislamu, sheria ya dini yetu ililisema jambo hili kabla ya kahawa kupandwa katika milima yetu. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihirika kupevuka kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. Tena akauliza: ikiwa Mwenyezi Mungu atayazuia matunda hayo, mtu ataihalalishaje mali ya ndugu yake? Basi mwenye kununua maua ya kahawa ya jirani yake asijidanganye kwamba anamsaidia mtoto kusoma. Mtoto ataondoka na ada ya muhula mmoja, na nyumba itabaki bila mavuno ya mwaka mzima. Na muhula wa pili utalipwa na nini?

Lakini dini haifungi mlango pasipo kufungua mwingine. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa tende za miaka ijayo. Hakulizuia jambo hilo lote, bali aliliwekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo biashara ya salamu. Mfanyabiashara atoe bei yote papo hapo, kwa bei ya haki, kwa kilo zinazojulikana, za aina inayojulikana, kwa tarehe inayojulikana, na kahawa hiyo isifungwe na miti ya shamba fulani. Pasipo masharti hayo ni butura iliyovishwa kanzu.

Mlango wa pili ni zaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, kahawa na ndizi hazina zaka ya mazao, na kwa hiyo baadhi yetu hudhani hawadaiwi kitu. Sivyo. Fedha iliyofikia nisabu, nayo kwa hesabu ya dhahabu ni thamani ya gramu 85, ikitimiza mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Na mwenye kufanya biashara ya kahawa hudaiwa zaka ya biashara yake. Kijana wetu hapewi kwa sababu ya upishi, bali kwa ufukara wake. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza kwamba fukara mwenye kazi ya mikono hupewa kiasi cha kununulia vifaa vya kazi yake. Basi hata visu vya mpishi fukara vyaweza kununuliwa kwa zaka.

Mlango wa tatu ni karadha njema, mkopo usio na riba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Waumini kumi wakishirikiana, kila mmoja akatoa kidogo wakati wa kuuza kahawa, ada ya mwaka hupatikana. Tunashauri mkopo huo uandikwe mbele ya mashahidi, kama Kur'ani Tukufu ilivyotuagiza katika madeni; fedha ilipwe chuoni moja kwa moja na stakabadhi iletwe; na kijana akipata kazi arejeshe kidogo kidogo, ili mwingine naye asome.

Na jambo la mwisho ni heshima yake. Jina la kijana lisitangazwe msikitini, wala asifanywe mtumwa wa fadhila. Sadaka huharibika kwa masimbulizi. Yeye naye ajue kwamba bidii yake ndiyo shukrani tunayoingoja.

Basi kila mwenye uwezo ajiulize kabla ya msimu ujao: jirani yangu akija usiku kutafuta ada ya mwanawe, nitamtajia bei ya maua yake, au nitamfungulia mlango wa halali?

Ewe Mola wetu, zibariki kahawa na ndizi zetu, waongoze vijana wetu katika elimu yenye manufaa, na utuepushe na mali ya ndugu zetu isiyo haki yetu. Amin.

Wabillahi taufiq.