Kofia ya Kuchomelea: Nyumbani Wewe Ndiwe Bosi

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa karakana katika mkutano wa tawi)



Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikajifunza kazi ya chuma kwa mikono, na leo kazi yangu ni kuchomelea mabehewa ya reli. Katibu ameniomba niseme juu ya kofia za kuchomelea zinazojitia giza zenyewe, kwa sababu wengi wetu tumenunua mashine ndogo, na jioni twatengeneza mageti na madirisha nyumbani ili kuongeza kidogo juu ya mshahara. Nitasema. Lakini kwanza nataka kukiri kosa langu mbele yenu.

Kazini, mtu akikosa glavu au kioo, humwendea msimamizi. Asiposikilizwa, humletea mwakilishi wa chama. Hiyo si kuomba, ni haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi vifaa vya kumkinga. Mimi mwenyewe nimesimama katika mkutano kama huu, nikapaza sauti juu ya jambo hilo, nanyi mkanipigia makofi.

Basi, Jumamosi moja nilikuwa nyumbani natengeneza geti la jirani. Nilikuwa nimejinunulia kofia mpya ya kujitia giza, nami nilijiona bwana mkubwa. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuja kunisaidia kushika vyuma. Akaniuliza, "Mjomba, nami nitavaa nini?" Nikamjibu, "Wewe geuza uso na ufumbe macho." Tukafanya kazi hivyo mpaka jua likatua. Nikampa pesa kidogo, akaenda kulala.

Saa nane usiku alianza kulia. Alisema macho yake yamejaa mchanga, na hata mwanga wa taa hakuweza kuuvumilia. Jirani mmoja akaleta kiazi kibichi, mwingine akaleta maziwa. Kulipokucha nikampeleka zahanati. Daktari akatuambia tusitie maziwa wala kiazi machoni, maana vyaweza kuleta uchafu na vijidudu. Akaeleza kwamba mionzi ya moto wa rodi, ile isiyoonekana iitwayo urujuanimno, imeunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, kama jua linavyounguza ngozi ya Mzungu. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, ndiyo sababu mtu hudhani hakuumia. Akampa dawa, na kijana akakaa siku mbili katika chumba chenye giza. Akapona, namshukuru Mungu. Lakini siku zile mbili sikuweza kumtazama dada yangu usoni.

Ndugu zangu, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kudai kwa bosi kulikuwa kutamu. Nilipokuwa bosi mimi, hata kwa siku moja, nilifanya yale ninayomlaumu bosi.

Sasa nitaeleza niliyojifunza juu ya kofia zenyewe, maana baada ya mambo hayo nilikwenda kuuliza na kusoma, nikaona hata ile yangu sikuichagua vizuri. Niliipenda kwa sababu ilichorwa moto na fuvu la kichwa.

Kofia hizi si jambo la jana. Zilianza kuuzwa kutoka Sweden mwaka 1981. Kioo chake huwa na mwanga wa kutosha kukuonyesha chuma kabla hujaanza. Rodi ikiwaka, kioo huwa cheusi mara moja. Yafaa mjue jambo moja ambalo wenye maduka hawalisemi: kofia hii haikingi macho kuliko kile kioo cheusi cha zamani, kama kioo hicho ni cha namba ya haki. Faida yake ni nyingine. Mikono yote miwili iko huru, shingo haichoki kwa kutikisa kofia ishuke, na huanzi kazi kama kipofu. Wengi wetu huumia wakati wa kushikisha vipande, tunaposema "hii ni ndogo tu" tukaacha kufunika uso. Kofia hii yaondoa kishawishi hicho.

Ukienda kununua, angalia mambo haya.

Kwanza, alama. Kioo chenyewe, si boksi peke yake, kiwe kimeandikwa kanuni iliyokipima. Za Ulaya huandikwa EN 379, na zile mpya EN ISO 16321. Za Marekani huandikwa Z87. Kioo kilichopimwa kwa haki huzuia urujuanimno na mionzi ya joto wakati wote, hata betri ikiwa imekufa. Kinachobadilika ni mwanga unaoonekana tu. Kioo kisicho na alama, hujui kinazuia nini. Chaweza kuwa cheusi kabisa na bado kikapitisha mionzi.

Pili, namba za giza. Kwa kawaida utaona 4/9-13. Maana yake, kikiwa wazi ni namba 4, na kikijitia giza waweza kukipanga kutoka 9 mpaka 13. Kwa kazi zetu za nyumbani, rodi ya milimita 2.5 au 3.2, namba 10 au 11 yatosha. Ukichoma chuma kinene kwa umeme mwingi zaidi ya ampea 160, panda mpaka 12. Anza na giza zaidi, kisha punguza kidogo kidogo mpaka uone vizuri chuma kinavyoyeyuka. Usipunguze kupita hapo.

Tatu, macho ya kofia, yale mafundi huyaita sensa. Ndiyo yanayoona moto na kukiamuru kioo. Kofia nyingine zina mawili, nyingine manne. Kama wachoma katika pembe, au chini ya geti ambapo bomba laweza kufunika jicho moja, chukua ya manne. Kofia yangu ya kwanza ilikuwa na mawili, na nilipochoma bawaba nyuma ya nguzo, kioo kilifunguka huku rodi yawaka. Ndipo nilipojua kwamba urembo wa fuvu haufanyi kazi.

Nne, upesi wake. Nyingi za siku hizi huandikwa 1/25,000 ya sekunde. Ukishikisha vipande mia kwa siku, kofia ya polepole itakuchosha macho kabla ya jioni, hata kama haikuunguzi.

Tano, vifungo na betri. Kuna kifungo cha kuongeza au kupunguza wepesi wa kuhisi, na kingine cha kuchelewesha kioo kufunguka, ili usione chuma kikiwa bado chang'aa. Chagua yenye betri unayoweza kubadilisha. Nyingine zina kipande cha sola pamoja na betri iliyofungiwa ndani. Betri hiyo ikifa, kofia nzima yatupwa. Uliza pia kama vile vioo vyeupe vya kukinga cheche vyapatikana dukani peke yake, maana hivyo huchakaa upesi, na kioo chenye madoa ndicho humfanya mtu ainue kofia apate kuona.

Sita, uivae kabla ya kulipa. Kaza mkanda, inama, tazama juu. Kofia nzito hukaa ukutani.

Kabla ya kuwasha rodi kila siku, jaribu kofia. Nyingi hujitia giza ukiwasha kiberiti cha gesi mbele ya sensa au ukizielekeza kwenye jua. Lakini msidanganyike. Jaribio hilo laonyesha kwamba kioo chageuka, halionyeshi kwamba chazuia mionzi. Hilo laonyeshwa na alama iliyopimwa. Ukitaka kukata chuma kwa grainda, kofia yako iwe na mahali pa kukifunga kioo kisigeuke, la sivyo cheche zitakitia giza wewe ukiwa na jiwe linalozunguka mkononi. Na mjue kwamba kofia haizuii moshi. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Chomelea mahali penye hewa, na usiinamie moshi.

Sasa narudi kwa kijana. Mtu atasema, "Sina pesa za kofia mbili za namna hiyo." Hata mimi sikuwa nazo. Lakini anayeshika vyuma hahitaji kofia ya kujitia giza. Ngao ya kawaida ya kuvaa kichwani, yenye kioo cheusi namba 11, yamtosha, na bei yake ni ndogo sana. Awe na shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni, maana mionzi huunguza ngozi pia. Tundika turubai au mabati kati yako na njia, kwa kuwa watoto hupenda kutazama moto ule, na hakuna atakayewaambia wafumbe macho. Kama huna pesa za ngao ya pili, bado hujawa na pesa za kuajiri msaidizi. Fanya kazi peke yako mpaka uzipate.

Tena fikirini. Ukiumia karakana, una sheria ya fidia ya mwaka 2007, una chama, una mwakilishi. Kijana aliyeumia nyuma ya nyumba yako ana nani? Ana wewe tu. Nawe ndiwe uliyemwambia afumbe macho.

Mtoto wa dada yangu bado anafanya kazi nami. Ngao yake imetundikwa karibu na yangu, na kabla sijawasha rodi husema kwa sauti, "Mjomba, ngoja!" Nami nangoja. Siku ile nyingine nilikuwa na haraka, nikasema nitashikisha kipande kimoja tu. Akaniondoa rodi mkononi. Nilikasirika kidogo, kisha nikacheka, maana niliona kwamba sasa yeye ndiye mwakilishi wa chama katika karakana yangu.

Ndugu zangu, tuendelee kudai kwa waajiri, tusilegee. Lakini Jumamosi hii, kabla hujawasha mashine, hesabu watu walio karibu nawe, kisha hesabu ngao. Hesabu zisipolingana, usiwashe.